Vitambaa Vyangu Kwenye Nyumba ya Dedan

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa Jumanne, tarehe 22 Aprili 2025, kuanzia saa nne na nusu asubuhi.

Jina: Watiri wa Gatimu
Umri: Miaka 71, kwa mujibu wa kitambulisho
Kazi: Mkulima, pia hufuma vitambaa vya kroshia
Makazi: Giakanja, Tetu, Kaunti ya Nyeri
Lugha: Kiswahili, na Kikuyu pale Kiswahili kilipomwishia
Mwandishi: Konstebo Beth Wangui

Kabla ya mambo yangu, andika hili. Wewe Wangui umekaa tangu Krismasi bila kukanyaga kwangu. Ulipoletwa kufanya kazi hapa mwaka jana hukuwa na hata sufuria, na kila jioni ulikuwa unakuja kwangu kuchukua maziwa na kunisimulia mambo ya mama yako. Sasa mpaka mtu avunjike mguu ndiyo tuonane? Na umekonda. Afisa Wangui ameniambia maelezo hayaanzi hivyo. Nimemwambia ayaanze tu hivyo, kwa sababu hata hilo ni kweli, na nimeambiwa niseme kweli.

Mimi ni mwanamke mzima, Mkenya. Nilizaliwa mwaka ule watu walipohamishwa na Wazungu wakakusanywa kijijini na handaki likachimbwa kuzunguka. Sikusoma. Kwa hiyo mambo yangu huwa sitegemei karatasi, nayaweka kichwani. Tarehe zilizo hapa tumezitafuta pamoja na afisa kwenye kalenda iliyo ukutani. Saa mimi huijua kwa gari la maziwa.

Nyumba inayozungumziwa ni ya jirani yangu, marehemu Dedan. Kati yake na yangu kuna ua wa kayaba tu. Ina kuta za mawe, sakafu ya mbao na baraza ya mbao mbele. Siku zake ilikuwa nyumba ya kusimamisha watu barabarani. Lakini Dedan alijenga mahali pa nduma, yale magimbi. Mama yake alikuwa anachimba nduma palepale penye sebule leo, mimi nikiwa msichana mdogo, nikimsaidia kuzibeba. Mahali nduma zinamea bila kumwagiliwa, chini yake ni maji. Hilo kwetu halihitaji mtu aliyesoma. Mvua ikinyesha, yale maji yanarudi kwao, chini ya mbao. Dedan alilijua, na kila baada ya miaka michache alikuwa anang'oa mbao na kuweka mpya. Alipokufa, mtoto wake anayekaa Nairobi alifunga mlango akaenda na ufunguo. Hiyo ni miaka tisa.

Mtoto huyo alipoamua kuuza, kazi ya kutafuta mnunuzi alimpa Ben Gatimu, ambaye ni broka wa mashamba na nyumba. Ben ni mtoto wa binti yangu, mimi ni shosho yake. Kwa desturi yetu alipewa jina la marehemu mume wangu, na tangu siku alipoletwa kwangu akiwa kwenye shali mimi humwita mume wangu. Afisa ameuliza kama aandike hivyo. Aandike. Nimemlea huyo mtoto miaka sita mama yake alipokuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya maua kule Timau.

Najua kwa nini nimeitwa. Mtoto wa Dedan anasema nyumba iliuzwa vile ilivyo, na wanunuzi waliiona kwa macho yao. Ben ameandika kwamba hakujua kama sakafu imeoza. Zeynab aliyenunua anasema walifichwa ukweli. Kama hakuna aliyejua, Zeynab hapati kitu, anabaki na shimo na mama aliyevunjika mguu. Kama Ben alijua, Zeynab anarudishiwa pesa zake, na mume wangu anapelekwa kortini. Katikati yao nimekaa mimi. Basi nasema.

Naweza kukumbuka vizuri kwamba mnamo Jumamosi, tarehe 18 Januari 2025, mwendo wa saa tatu asubuhi, gari la maziwa likiwa limeshapita, Ben alifika kwangu na pikipiki. Aliniambia, "Shosho, niazime makochi."

Nikamuuliza, "Unaoa?"

Akasema, "Napiga picha ile nyumba ya Dedan. Nyumba tupu haiuziki, shosho. Mtu anataka kuona mahali atakaa."

Tulibeba makochi mawili, meza ndogo na chupa yangu ya chai. Tulipitia pengo la ua. Kulikuwa kiangazi, ardhi ngumu kama simenti. Ndani palinuka panya. Ukuta wa sebule ulikuwa na ufa ambao ningeweza kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na kuvu nyeusi kutoka chini mpaka kiunoni mwangu. Ben alisimama akautazama ule ukuta, akakuna kichwa, akatazama simu, akautazama tena.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Ben hakuniomba, liandikwe hilo. Nilirudi kwangu mwenyewe nikaleta vitambaa. Mgeni akija, ukuta mtupu ni aibu. Hivyo ndivyo nilivyolelewa na hivyo ndivyo nimekaa. Nilileta saba. Kile kikubwa cha tausi nilikitundika juu ya ufa kwa misumari minne. Kimoja kina maneno ambayo binti yangu alinichorea na mimi nikayashona bila kuyajua. Wanasema yanasema Karibu Mgeni. Hicho nilikishusha chini kidogo, kifunike kuvu. Vingine niliviweka kwenye makochi. Kisha nikafagia, nikawasha moto jikoni kuondoa ile harufu. Na nakuambia, Wangui, nyumba ilipendeza. Nilifurahi. Miaka tisa ile nyumba ilikuwa inaniuma nikiitazama.

Siku hiyohiyo kuna maneno mimi na Ben tulisemezana kuhusu sakafu. Afisa ameuliza ni maneno gani. Nimemwambia anipe maji kwanza, nitayafikia.

Ben alipiga picha mpaka saa sita. Alipiga hata ng'ombe wangu, ambaye yuko upande wangu wa ua, kwenye zizi langu. Baadaye nilisikia ng'ombe alitangazwa kwenye simu kama "zizi la kisasa". Tangazo lenyewe nilikuja kusomewa na Zeynab hospitalini, na nimelikariri. Lilisema ni nyumba ya kale ya kifahari. Uongo si mkubwa sana hapo. Lilisema Mlima Kenya unauona ukiwa kitandani. Mlima unaonekana, ndiyo, lakini ukiwa chooni na mlango wazi. Lilisema kuna maji ya asili ndani ya uwanja, na jioni unalala kwa sauti ya maumbile. Hao ni vyura. Lilisema inahitaji mguso kidogo tu. Na bei ilikuwa milioni nne na nusu, ambayo hapa kwetu unapata nyumba iliyosimama wima.

Mnamo Jumamosi, tarehe 25 Januari, saa tano asubuhi, gari jeupe lilitoka Nanyuki likasimama langoni kwa Dedan. Walishuka watu watatu. Zeynab, ambaye anauza nguo mjini. Mume wake Abdihakim, ambaye ananunua na kuuza mifugo. Na mama yake Zeynab, Bisharo, mtu wa umri wangu, magoti yake mabaya kama yangu. Walikuwa wanatafuta mahali pa huyo mama, penye kiwanja, pasipo na ngazi, karibu na hospitali za Nyeri. Nanyuki walikuwa wanakaa ghorofa ya tatu, na Bisharo alikuwa hajashuka chini miezi miwili.

Nilisikia sauti za watu, nikafanya nilivyozoea. Nilipika chai, nikachemsha nduma, nikapita kwenye ua. Niliwakaribisha kwenye ile nyumba kana kwamba ni yangu. Tulikaa kwenye makochi yangu. Bisharo alionja nduma akaniangalia.

Akasema, "Hii ni chakula ama ni sabuni?"

Nikamwambia, "Tafuna, wacha maneno."

Alicheka mpaka Zeynab akashtuka. Kisha akasimama, akaenda kwenye kitambaa cha tausi, akakipapasa kwa vidole polepole, mkia wote wa tausi, jicho moja moja. Aliuliza ni nani ameshona. Nikasema ni mimi. Akamgeukia Zeynab akasema, "Hii nyumba iko na mkono ya mama. Tukae hapa."

Nyuma ya kile kitambaa kulikuwa na ufa wa kuingiza mkono. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Ben alikuwa mlangoni. Hakuna kati yetu aliyesema neno. Mimi nilinyamaza kwa sababu mgeni alikuwa bado ameshika kikombe changu, na mtu hamharibii mgeni chai. Tena nilinyamaza kwa sababu alisifu kazi yangu, na mimi sisifiwi sana. Andika zote mbili.

Mwezi wa Februari waliandikiana mkataba, wakalipa sehemu kubwa, wakapewa ufunguo. Hayo ya mkataba siyajui, sikuwepo. Walingoja Ramadhani iishe na Idi ipite. Walihamia Jumamosi, tarehe 5 Aprili, mchana, na mvua ilikuwa imeanza wiki iliyotangulia. Nilikuwa nimeshatoa makochi yangu. Vitambaa niliviacha. Bisharo aliniomba nisivitoe, nami nikampa kama zawadi ya kuhamia.

Siku tisa tulikaa jirani. Nitazisema kwa kifupi ingawa ningeweza kuzisema mpaka jioni. Abdihakim alikuwa anarudi Nanyuki kwa kazi, Zeynab akabaki na mama. Asubuhi Bisharo alikuwa anatoka kwenye baraza na fimbo yake na kuniita, "Watiri! Umekufa ama uko?" Nami namjibu kwamba niko, nangojea yeye atangulie. Chai yake ilikuwa sukari iliyomwagiwa maji kidogo. Nilimfundisha kushika sindano ya kroshia. Yeye alinifundisha kuhesabu kwa Kisomali mpaka saba, kwa sababu nilimwambia vitambaa ni saba na sina haja ya zaidi. Mume wangu alikufa miaka kumi na miwili iliyopita. Tangu wakati huo hakuna mtu aliyekuwa ananiita asubuhi.

Jumamosi, tarehe 12 Aprili, jioni, Bisharo aliniambia kwamba usiku anasikia vyura chini ya kitanda. Alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia alale upande wa jikoni, ambako sakafu ni ya simenti. Aliuliza kwa nini. Nikamwambia kuna joto. Ilikuwa nafasi yangu ya pili, na hiyo pia niliipoteza. Jumapili nilikwenda kanisani na sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nilikuwa najiambia kwamba Ben akija nitamwambia alete fundi kimyakimya.

Mnamo Jumatatu, tarehe 14 Aprili 2025, asubuhi, gari la maziwa lilikuwa linapiga honi kule chini, kwa hiyo ilikuwa saa moja na nusu. Nilikuwa kwenye pengo la ua na bakuli la nduma za moto. Bisharo alikuwa mlangoni kwake. Mimi ndiye niliyemwita. Nilisema, "Njoo uchukue sabuni yako." Alitoka akicheka, akakanyaga baraza hatua ya kwanza, ya pili. Ya tatu ubao ulivunjika. Haukulia kama mti. Ulilia kama mkate uliolowa. Mguu wa kulia uliingia mpaka kwenye paja, na yeye akaanguka kwa ubavu. Fimbo ilibaki imesimama kwenye tundu.

Nilikwenda kwake nikiwa nimepiga magoti, kwa sababu niliogopa na mimi nitaingia. Zeynab alitoka akipiga kelele. Nilimwambia alete jembe. Tuling'oa mbao mbili. Nyingine tulizitoa kwa mikono, zilikuwa zinamomonyoka kama mboji. Chini kulikuwa na maji, na kwenye maji nduma zimechipua. Majani meupe, hayajaona jua. Zilikuwa zile za mama yake Dedan. Nimezijua.

Nilipakata kichwa cha Bisharo. Alikuwa halii. Akaniangalia, akaniuliza, "Watiri, wewe ulijua?"

Nikamjibu, "Nilijua."

Alinishika mkono akaufinya, na sijui mpaka leo kama ni kwa maumivu au ni kwa jibu langu. Alishika hivyo mpaka gari la hospitali lilipofika, saa mbili na nusu.

Mguu umevunjika mahali pawili. Nilikwenda kumwona Alhamisi, tarehe 17. Alikuwa amelala. Zeynab alinitoa nje, kwenye ukumbi. Hakupiga kelele, ingefaa zaidi angepiga. Aliniambia, "Shosho, tuliona nyumba nne. Zote zilikuwa mbaya na zote wanasema ni nzuri. Mimi si mjinga, nilijua hii pia ni mbovu. Lakini hizo zingine hakukuwa na mtu wa kutupa chai." Kisha akanisomea lile tangazo kwenye simu, polepole, hadi mwisho. Picha ya kwanza kabisa ni kitambaa changu cha tausi.

Sasa yale maneno ya sakafu.

Ile tarehe 18 Januari, tulipokuwa tunaingiza makochi, mguu wa kochi uliingia kwenye ubao karibu na dirisha. Ulizama kiasi cha kidole. Nilimwambia Ben, "Mume wangu, hii sakafu haiwezi kubeba hata mbuzi. Mvua ikinyesha itakuwa uji. Mwambie mwenye nyumba."

Ben akasema, "Nilimwambia, shosho. Amesema niuze hivyo. Nisipouza mimi, anampa mwingine."

Nikamwambia, "Basi waambie wanaonunua."

Akasema, "Nitawaambia. Wacha kwanza waipende."

Kisha akavuta kapeti kuukuu ya Dedan akaufunika ule ubao. Mimi nikashika upande mmoja wa kapeti. Tukainyoosha.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alijua. Mwenye nyumba pia alijua, kwa maneno ya Ben. Na mimi nilijua kuliko wote wawili, kwa sababu mimi nilibeba nduma pale. Ikiwa kuna kosa la kuficha, mikono iliyoficha ni minne, miwili ni hii hapa. Afisa amenieleza kwamba siko hapa kama mshtakiwa. Nimemwambia najua niko hapa kama nini.

Kuhusu Ben nataka iandikwe na hii. Si mtoto mbaya. Miaka miwili alitafuta kazi kwa karatasi zake za chuo, na simu ndiyo iliyompa kazi. Tangu siku ya ajali hajala kwangu akamaliza sahani. Pesa alizopata kwa hiyo nyumba alimpelekea Zeynab hospitalini ndani ya bahasha. Zeynab alizikataa, akaziacha kwa nesi, na nesi akazitumia kulipia dawa. Na leo asubuhi, aliyenileta hapa kutoa maelezo ni yeye. Hakuna mwingine mwenye pikipiki nimwaminiye. Tulipofika kwenye lami alisema, "Shosho, ile ya kapeti..." Nikamwambia aangalie barabara. Akaangalia barabara. Sasa amekaa pale nje kwenye benchi, ameshika mfuko wangu. Unaweza kumwona kutoka hapa kwenye dirisha. Amekaa vile Gatimu alikuwa anakaa.

Sijamwombea asamehewe. Naomba tu asisimame peke yake kortini, yule wa Nairobi akiwa kwake anakunywa chai. Na naomba Zeynab arudishiwe chake, upesi, kabla mama yake hajatoka hospitalini, apate mahali pa kufikia.

Jana nilikwenda kwa Dedan nikatoa vitambaa vyote saba, nikaziacha kuta hivyo zilivyo, yeyote anayepita dirishani aone. Cha tausi nimekifua. Nikitoka hapa Ben ananipeleka hospitalini, nampelekea Bisharo. Asipokitaka atanirudishia. Atakachoniambia nitakisikiliza nikiwa nimesimama.

Nimemaliza. Niliyoyasema nimeyaona, nimeyasikia na mengine nimeyafanya. Hakuna aliyenitisha wala kunipa kitu, isipokuwa Wangui amenipa maji, mara mbili.

Alama ya dole gumba la kulia: WATIRI WA GATIMU

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Beth Wangui, na kumsomea shahidi kwa Kiswahili na kwa Kikuyu. Amekubali kwamba ni sahihi, isipokuwa amesema gari la maziwa siku ya ajali lilichelewa kidogo, kwa hiyo huenda ilikuwa saa mbili kasorobo. Marekebisho hayo nayaandika hapa. Shahidi alilia mara moja, aliposema maneno ya kapeti, akaniambia nisiliandike. Nimemweleza kwamba lazima niliandike. Yalikamilika saa sita na dakika kumi mchana. Sehemu ya mwanzo kuhusu mimi nimeiacha kama ilivyo kwa sababu shahidi amekataa kuweka dole mpaka niiache.

Kabla ya kutoka, ameagiza haya yaongezwe chini, na nimeyaongeza kwa maneno yake:

Jumapili hii uje, Wangui, usiseme ati uko kazini. Usipitie kwa Dedan, ile baraza imeoza yote; pitia njia ya chini kando ya zizi. Chai itakuwa tayari. Lakini kabla hujakaa, nenda kwenye kuta zangu, inua kila kitambaa utakachokiona, uangalie nyuma yake. Hata nikikuambia, "Karibu, keti kwanza," wewe usiketi. Inua.